Chumvi ya Paka

Wiki ile usingizi ulinikimbia kwa ajili ya paka. Swali lilikuwa moja tu: nimrudishe alikotoka, au nimwache aendelee kukaa chini ya kitanda cha Babu bila kula? Mtu mwingine angeliita swali dogo, lakini mimi sina maswali madogo. Nikilalia ubavu wa kulia nilimwona paka amekufa kwa njaa nyumbani kwetu. Nikigeukia wa kushoto nilimwona Babu, ambaye tangu tumzike Bibi alikuwa hana maneno, akifiwa tena, na safari hii kwa mkono wangu. Nikilala chali niliwaona wote wawili.

Na ajabu ni kwamba enzi zetu hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu ya paka. Ninyi mliokulia mtaa wa Buyenzi miaka tuliyokulia sisi mnajua. Mnakumbuka avenyu zetu zilivyonuka oili ya magari asubuhi na maandazi jioni, na kelele za nyundo za mafundi zilizonyamaza kwa adhana tu. Mnakumbuka mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba, uliofumuka kila mara mchezo ulipokolea. Sisi wasichana tuliruka lastiki mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi, na aliyekanyaga lastiki akabisha mpaka tukaitwa kuoga bila jibu kupatikana. Na katika yote hayo, juu ya ukuta, chini ya gari lililofunguliwa injini, katikati ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa, kulikuwa na paka. Hatukuwahesabu wala kuwapiga picha. Siku hizi mdogo wangu ana simu iliyojaa video za paka wa watu asiowajua, wanaovaa kofia na kucheza muziki. Anawapenda sana. Paka wa kweli akimpitia miguuni, anapanda kiti.

Kwetu paka walikuwa wa Bibi. Kila mmoja aliitwa Mgeni. Mgeni mweupe akifa, aliyefuata naye aliitwa Mgeni, hata kama ni mweusi tititi. Jioni, chakula kikishaiva, Bibi alichukua kijiko na kukwangua chini ya sufuria, kwaru kwaru kwaru, na popote alipokuwa, Mgeni alikuja. Alipewa yeye kwanza, kichwa cha samaki na kidonge cha ugali kilichochovywa kwenye mchuzi, sisi tukiwa tumezunguka sinia na mikono tumeshanawa. Tukinung'unika, Bibi alisema, "Nyie muko na mudomo ya kuomba. Huyu iko na macho tu." Umeme ukikatika, nilifanya kazi za shule kwa taa ya mafuta, na Mgeni alilala juu ya daftari, palepale nilipotaka kuandika. Mwalimu aliuliza kwa Kifaransa kwa nini hesabu zangu zina manyoya. Kifaransa cha paka nilikuwa bado sijafundishwa.

Paka alifika nyumbani kwa njia mbili. Kuna aliyekuja mwenyewe, akaingia mlangoni, akatazama huku na huku, akalala. Huyo hakuulizwa kitu. Na kuna aliyezaliwa kwa jirani. Huyo alikuwa na utaratibu wake, na mimi ndiye niliyetumwa. Bibi alifunga chumvi kwenye pembe ya kanga yake kuukuu, akanifunga kanga hiyo kiunoni, akanionya: "Usirudi na paka kama chumvi haijapokelewa." Nakumbuka nilivyopokewa na mke wa fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alifungua pembe ya kanga, akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akaitia yote kwenye chungu cha maharage kilichokuwa kinachemka, ndipo akainama kumtoa mtoto wa paka uvunguni. Hakusema asante, maana haikuwa zawadi. Chumvi ikishaliwa kule, paka amekwisha kutoka kule. Paka asiyetolewa chumvi, alisema Bibi, mwili wake uko kwako lakini masikio yake yamebaki alikozaliwa.

Bibi alitutoka kabla ya Ramadhani. Siku ya mazishi uani kulijaa watu, viti na masufuria makubwa ya kuazima, na katika msongamano ule Mgeni wa mwisho aliondoka. Tulidhani angerudi wageni wakipungua. Hakurudi. Babu, aliyefungua injini za magari maisha yake yote huku akiongea na kila boliti, akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda mlangoni na redio imezimwa. Ukimsalimu alijibu. Ukimwuliza alitikisa kichwa. Jikoni hakukanyaga tena.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi. Asubuhi nilizunguka mjini kupeleka barua za maombi, mchana nilirudi kupika. Nikiwa napakua ndipo nilipoona jambo. Kila jioni Babu alikula, akamaliza, na kichwa cha samaki akakisogeza ukingoni mwa sahani. Kisha alikaa. Alikaa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza. Halafu akainuka mwenyewe kwenda kukitupa.

Nililiwaza jambo lile kwa wiki nyingi. Nikileta paka, nitakuwa ninamwambia kwamba Bibi ana mbadala? Au kichwa kile cha samaki ndicho kinachoniambia nilete? Na paka akifa? Na Babu akitangulia, paka atabaki na nani? Niliwaza hata kuhusu manyoya na kifua cha Babu. Mwishowe rafiki yangu wa mtaa wa Nyakabiga, aliyechoka kunisikia, akaniambia kuna nyumba Buterere, mwisho wa mji, inayohifadhi paka walioachwa maji yalipoingia kwenye nyumba za watu. Nilikwenda ili angalau niache kuwaza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ukingoni mwa mashamba ya mpunga, ukuta wake bado una mstari wa tope yalipofikia maji. Mwenyewe ni Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja na wanawe zamani akabaki. Alinikalisha kwenye benchi na kunihoji kuliko ofisi zote nilizopeleka barua.

"Unaishi fasi gani? Muchana nani iko nyumbani?"

"Babu yangu."

"Babu anapenda paka?"

"Anapenda," nilisema, na nikaanza papo hapo kujiuliza kama ni kweli.

"Na ukipata kazi mbali, we mwenye diploma?"

"Nitakwenda, paka atabaki na Babu. Ni wa Babu."

Alinitazama, kisha akanipeleka nyuma. Watoto wa paka walikuwa wengi, wakipanda wavu. Sikuwachagua. Pembeni alikaa jike mkubwa, wa kijivu, ncha ya sikio moja imekatika. Mama Furaha alisema walimkuta juu ya kabati, ndani ya nyumba ambayo wenyewe walikwisha kuhama na kila kitu. Walichukua hata misumari. "Kila mutu anataka kadogo," alisema. "Huyu anaangalia watu banaingia, banatoka na wengine." Nilipouliza nitoe nini, alicheka. "Bule. Hapa hatuuzishi. Mujaribu siku kidogo. Ikikataa, muniludishie, sitakasirika."

Kwa hiyo nilimleta ndani ya kapu. Babu alimtazama, akanitazama mimi, akageuza uso. Paka alijiingiza chini ya kitanda chake, na hapo akakaa ameelekeza macho mlangoni. Ndagala alikataa. Maziwa alikataa. Alikunywa maji kidogo tulipotoka chumbani. Nilisoma kwenye simu ushauri wa watu wa dunia nzima, nusu wakisema subiri, nusu wakisema atakufa. Mama, anayeuza vitambaa dukani mtaa wa Asiatique, nilimpigia simu akiwa na wateja. "Sakina," alinijibu, "we unawaza mwezi mzima, halafu unafanya kile hukuwaza. Usimuletee baba yangu huzuni ingine." Akakata.

Basi ndipo usingizi uliponikimbia. Asubuhi ya Jumamosi niliamka nimekata shauri: arudi kwao. Nilimvuta kutoka chini ya kitanda, akanikwaruza mkono, nikamtia kapuni na kufunika. Nilipofika mlangoni, Babu alikuwa kwenye kigoda chake.

"Unamupeleka wapi?"

Nilishtuka. Sikukumbuka mara ya mwisho aliponiuliza kitu.

"Namrudisha Buterere, Babu. Hali chakula. Naona hapa hapapendi."

Alilitazama kapu. "Ulitoa nini?"

"Nini, Babu?"

"Siku ile ulimuchukua. Ulitoa nini?"

"Walisema ni bule."

"Bule." Alilitamka kama alivyokuwa akitamka jina la fundi aliyefunga gurudumu na kusahau nati. "Na chumvi?"

Katika yote niliyowaza, manyoya, kifua, kazi ya mbali, kifo, chumvi haikunijia hata mara moja. Mimi niliyetumwa nayo na kanga kiunoni.

"Sasa we unataka akule namna gani?" alisema Babu. "Iko hapa kama mutu anangoja gari."

Aliinuka. Alishika ukuta kidogo, kisha akaingia jikoni. Nilimfuata nikiwa na kapu mkononi. Alisimama katikati, akatazama rafu ya Bibi kama mtu aliyeingia nyumba ya watu, akashusha kopo la chumvi. Hakuna aliyeligusa tangu mazishi, mimi natumia ya pakiti. Chumvi ya ndani ilikuwa imeganda kama jiwe. Alienda kwenye sanduku lake la vifaa, akarudi na spana, akaipiga kwa mpini wa spana mpaka ikavunjika. Kisha akakishika kipande kikubwa kiganjani, akakigeuzageuza. Sikumtazama usoni.

"Lete kanga," alisema. "Ile ya bibi yako, ya chumvi."

Nikaleta. Akafunga pembe mwenyewe, fundo gumu la fundi wa magari.

"Sasa sema," aliniambia. "Kwenda ni lazima, maana tuna deni ya chumvi. Lakini paka anakwenda ao anabaki? We ndiye ulimuleta. Mi sitasema."

Nilisimama pale na mawazo yangu yote. Yalikuja kwa zamu kama kawaida. Huenda asile hata baada ya chumvi. Huenda mambo ya chumvi ni ya wazee tu. Huenda nikaitwa kazini mbali, Gitega, wiki ijayo nikamwachia Babu mzigo. Yote yalikuwa kweli, na yangekuwa kweli kesho pia. Nikaliweka kapu chini, nikafunua. Paka alitoka, akanusa spana, akarudi chini ya kitanda.

"Anabaki," nilisema.

"Basi vaa viatu."

Tulipanda bajaji. Babu alivaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumamosi, na njia nzima aliyatazama magari yanayopita, akiguna kwa injini zilizoimba vibaya. Mama Furaha alitufungulia geti, akaona sina kapu, akajishika kifua.

"Imekufa?"

"Apana," alisema Babu. "Tumekuletea haki yako."

Nilimfungulia fundo. Niliogopa atacheka, na nilikuwa nimeshaandaa maelezo marefu. Hakucheka. Aliitazama chumvi, akachovya kidole, akaonja.

"Imekaa sana, hii."

"Ilikuwa ya bibi yake," Babu akasema.

Mama Furaha aliifunika kwa kiganja. "Kwetu mama yangu alikuwa anaombaka hivi. Watu banachukua paka hapa, banapiga picha, banakwenda. Hii nyumba haijaonaka chumvi." Akaenda nyuma kwenye jiko lake la makaa, akaitia kwenye maharage ya wanawe, akatutaka tungoje yaive. Tukangoja. Tukala pamoja, na yalikuwa na chumvi nyingi mno, na hakuna aliyelalamika.

Wakati mwingine nafikiri ni sisi tuliopoteza, si watoto wa leo. Wao hawajui kulikuwa na nini. Sisi tulikuwepo. Tulikulia nyumba zilizofungua milango mpaka Maghribi, paka akiingia na kuchagua mwenyewe wa kuishi naye, na siku hizi tuna kuta ndefu na vipande vya chupa juu yake, halafu tunapanda bajaji kwenda kumtafuta paka mwisho wa mji. Jirani ninayeweza kumpelekea chumvi simjui hata jina. Nyumba ya fundi cherehani ina geti la chuma na kengele. Zamani ukisikia sufuria inakwanguliwa ulijua ni ya nani. Leo kila mtu anakula na redio yake, na mlango umefungwa.

Jioni ile niliipua ugali na samaki. Nikapakua. Babu akala, akamaliza, akakisogeza kichwa cha samaki ukingoni mwa sahani, akakaa kusikiliza. Nilikuwa nimeshika kijiko. Tangu Bibi aondoke nilikuwa naogopa sauti ile, nikaona si yangu kuitoa. Nikageukia jiko, mgongo wangu kwake, nikakwangua chini ya sufuria. Kwaru kwaru kwaru.

Sikugeuka kutazama. Nilisikia sahani ikishushwa sakafuni. Halafu nikamsikia Babu akisema kwa sauti ya chini:

"Pole pole, Mgeni. Iko na mwiba."