Siku Tata Alipopaka Pedali Jeli ya Ng'ombe

Raba mpya ina harufu yake, na nikiinusa tu, popote nilipo, huwa najikuta nimepunguza mwendo. Mwezi uliopita nilikuwa Kisii mjini, kwenye maduka ya vipuri ambako huwezi kupita bila kuitwa "kastoma" na vijana wa mlangoni. Nilitaka mazulia ya gari. Muuzaji akapasua nailoni, harufu ikanijia puani, na kabla hajataja bei nilikuwa nimeshafika Gesima, uani kwetu, Ijumaa jioni, miguu peku, bisibisi mkononi. Muuzaji aliniona nimeduwaa akadhani nimeogopa bei, akaanza kuipunguza mwenyewe. Sikumkataza.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Alikuwa na gari kuukuu la rangi ya maziwa, alilolinunua kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mtu, na alilipenda kiasi kwamba jirani akikohoa karibu nalo alitoka nje kuangalia. Mama alikuwa na majani chai yake, ndizi, ng'ombe wa maziwa, na sisi watoto: mimi Kemunto, kifungua mimba, na mdogo wangu Momanyi, ambaye bado alikuwa wa kubebwa. Siku za kazi gari lilikuwa la Tata. Siku ya Sabato lilikuwa letu sote, na mimi nilikaa nyuma nimevaa soksi nyeupe, nikiwapungia mkono wenzangu waliokuwa wakipanda mlima kwa miguu. Nilikuwa na maringo kidogo, sitaficha.

Sasa, zile raba zinazofunika pedali zilikuwa zimelika. Ya breki ilikuwa imekwisha kabisa katikati, kikabaki chuma kinachong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Tata hakuona neno. Mguu wake, alisema, unajua njia.

Sabato moja tukitoka kanisani mvua ikanyesha, na soli za viatu vya Tata zikajaa matope. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni akakanyaga breki, mguu ukateleza ukaenda pembeni, na gari likaendelea na safari bila ruhusa yake. Tuliacha barabara tukaingia katika shamba la majani chai la jirani, na shukrani ziiendee ile michai iliyoshonana, maana ndiyo iliyotushika. Momanyi, aliyepakatwa na Mama kiti cha mbele, aligonga paji la uso kwenye dashibodi, akaota nundu. Hakuna mwingine aliyeumia. Mama alishuka, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kwa miguu huku mvua ikitunyeshea.

Tangu siku hiyo Mama alilikataa gari. Hakufoka wala hakununa. Alisema tu, "Mimi na watoto tutakuwa tunatembea," na Sabato iliyofuata akatutanguliza njiani. Tata akatufuata na gari tupu, polepole, kama ng'ombe aliyekataa kuachwa nyumbani. Mzee wa kanisa aliuliza kama gari limeharibika, Mama akamjibu kwa heshima kwamba gari halina shida. Tata alisikia. Nyumbani waliongea mambo ya majani chai na ya karo, basi. Mimi niliyekuwa nimezoea kulala nikiwasikia wakicheka jikoni, niliogopa. Niliona kwamba Mama asipopanda lile gari tena, kuna kitu hapo nyumbani hakitarudi, ingawa sikujua kukipa jina.

Ndipo Tata akaja Ijumaa hiyo mapema kuliko kawaida, na pakiti ya raba mpya kwapani. Fundi alikuwa ametaka kumfungia palepale mjini, lakini alikataa. Alitaka zifungiwe nyumbani, Mama akiona. Shida ni kwamba sisi ni Waadventista, na Ijumaa jua likizama kazi imekoma. Kuni ziko ndani, viatu vimeng'arishwa, chakula cha kesho kimeiva, na bisibisi haiguswi hadi kesho jioni. Raba zisipoingia kabla ya jua kuzama, kesho Mama atatembea tena.

Kubandua zile kuukuu ilikuwa kazi yangu, na zilitoka vipande vipande. Mpya zikakataa kuingia. Raba ya pedali ina mdomo unaozunguka pande zote, na mdomo huo lazima uvuke ukingo wa chuma na kushika kwa nyuma. Kwa baridi ya Gesima raba zilikuwa ngumu. Tata alishikisha upande wa juu, wa chini ukafyatuka. Alishikisha wa chini, wa juu ukamruka usoni. Alikuwa amejikunja chini ya usukani na suruali yake ya ofisini, miguu ikining'inia nje, akipumua kwa nguvu. Halafu akasema, "Kemunto, kimbia uniletee jeli."

Jeli yenyewe ilikuwa ya kukamulia, ile ya kupaka chuchu za ng'ombe. Kwetu ilifanya kazi nyingi kuliko ng'ombe wenyewe. Ilipakwa visigino vilivyopasuka, bawaba za mlango, nywele zangu siku za haraka, na hata kitufe cha redio. Nikaileta, Tata akaipaka bila uchoyo, na raba zikaingia zenyewe kana kwamba zilikuwa zikingoja kubembelezwa.

"Mama Kemunto! Kuja uone!"

Mama alitoka zizini na gambuti zake za mpira miguuni. Hakuangalia kwa mbali kama nilivyodhani. Aliingia akakaa kiti cha dereva, mahali ambapo sikuwahi kumwona, akakanyaga breki. Gambuti likateleza. Akakanyaga tena kwa nguvu, na raba ikatoka nzima nzima, ikabaki imenata kwenye soli yake.

Mama akaibandua, akainusa.

"Baba Kemunto, hii si jeli yangu?"

"Nimeweka kidogo tu. Itakauka."

"Jeli ya ng'ombe ikauke? Mimi naipaka asubuhi na jioni, sijaona siku imekauka."

Nilitaka kucheka nikaona hali hairuhusu. Tata alitazama jua, lililokuwa limeshuka upande wa vilima vya Manga. Lazima niseme jambo juu ya Tata: hakuwa mtu wa kurudia kazi. Banda la kuku alilolijenga liliinama, akashikilia kwamba banda limenyooka na shamba ndilo limeinama, na kuku wakaishi hivyo. Kwa hiyo nilingoja aseme ziachwe zilivyo. Nilingoja Mama arudi zizini, na kesho tutangulie njiani kama kawaida.

 Badala yake Tata akavua saa yake, akaiweka juu ya gari.

"Ni kweli," akasema. "Wacha nizitoe zote."

Akajikunja tena chini ya usukani akaitoa hata ile ya klachi, ambayo ilikuwa imekaa vizuri. Mama alisimama akamwangalia kitambo. Halafu akaingia jikoni, akarudi na majivu, sabuni, na chupa ya maji moto ya chai. Akasugua chuma mwenyewe hadi jeli ikatoka, akakausha kwa nepi ya Momanyi iliyokuwa kwenye kamba. Raba akazitumbukiza kwenye karai akazimwagia maji moto. Zikalainika. Tata akavuta kwa juu, Mama akashikilia pedali akiwa ameinama upande wa pili, mimi nikapenyeza mdomo wa raba kwa nyuma na vidole vyangu vidogo, na mahali fulani hapo chini, vichwa vyetu vikigongana, nikawasikia wakicheka. Raba ya pili iliingia jua likiwa limebaki ukucha. Tata akafungia vyombo, tukanawa, tukaimba wimbo wa kukaribisha Sabato, na Tata aliimba kwa sauti kubwa kuliko alivyostahili.

Asubuhi Tata alikaa kwenye usukani, injini ikinguruma, akitazama mbele tu. Hakupiga honi wala hakumwita mtu. Mama alitoka na Momanyi, akafika kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa, akampakata mtoto.

"Twende," alisema. "Tutachelewa."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba raba mpya ndizo zilizotuponya. Hata nilipoolewa na kuanza kuendesha gari langu, nilikisimulia kisa hiki hivyo, na watu wakacheka mahali pa jeli. Lakini ndoa humfundisha mtu mambo. Nilipotoka Kisii na mazulia yangu nilipitia nyumbani, nikamkuta Mama anachambua maharagwe, nikamuuliza ni lini aliamua kupanda, kabla au baada ya kuona raba zimeshika.

"Raba?" akasema. "Mimi nitajuaje raba nzuri na mbaya? Nilimwona baba yako akizitoa."

Akaendelea na maharagwe yake. Mimi nilikaa pale nikawashukuru wote wawili kimoyomoyo, maana kwa sauti ningelia. Sabato ile Mama alikuwa amempakata Momanyi kwenye kiti kilekile walichokalia siku mtoto alipogonga kichwa, na dukani hakuna raba ya kumfanya mama yeyote afanye hivyo.