Boriti za babu ziko Dubai

Leo nusura nifukuzwe kazi kwa sababu ya dari.

Nalinda nyumba ya zamani hapa Dubai, watalii wanakuja kupiga picha. Dari yake ni boriti za mikoko, kama zetu kule Rufiji.

Leo watu hakuna, nikampigia baba video nimuonyeshe. Simu kazini marufuku, najua.

Baba akaangalia weee.
"Hebu igonge nisikie."

Mzee wangu boriti anaipima kwa sikio.

Mara supavaiza huyu hapa nyuma yangu. Mkenya, mkali.
"Wewe, simu ya nini kazini? Leta."

Nikampa. Mnanijua, mimi kujitetea siwezi.

Baba huko wala hana habari.
"Ee kijana, wewe mrefu, nigongee hiyo boriti."

Supavaiza akanitazama.
Akatazama mlangoni.
Akachukua mpini wa mopa, akagonga.

Baba akasogeza sikio kwenye simu. Halafu akasema, "Nzima hiyo. Mchwa hajaingia."

Akaendelea.
"Baba yangu kakata hizi mpaka uzee. Anaziona zinapakiwa kwenda Uarabuni, basi, hajui zinaishia wapi. Kumbe zilifika."

Supavaiza akanirudishia simu, taratibu.
"Ficha hiyo. Yalla, rudi mlangoni. Na kesho umuulize mzee ile boriti ya chumba cha pili."

Nimesimama pale mlangoni mpaka jioni kama nyumba yangu.

Nyie wa Rufiji, nani mwingine babu yake alikata boriti? Semeni hapa, nawaangalizia na zenu.