Macho ya Kwale

Gomila alikuwa amechoka, na wala si kwa uzee peke yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwatunza kwale wa jikoni kwa mfalme, pale Pataliputra, jiji la kale la Bara Hindi. Kila asubuhi alimsogezea mmoja wao chungu cha wali autazame. Macho ya kwale yakigeuka mekundu, chakula kina sumu: ndivyo walivyofundisha wenye elimu ya utawala. Mfalme hakumwamini mke wala mwana, maana kikulacho ki nguoni mwako. Alimwamini ndege tu.

Wapishi wawili walikwisha uawa kwa macho hayo. Wa pili alikuwa kijana wa watu, mcheshi, na kesho yake kwale mwenyewe akafa kwa ugonjwa wa macho. Hakuna aliyesema kitu. Gomila naye alinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomzeesha.

Asubuhi hiyo kwale aliinamia wali wa Arjaka, mpishi aliyezoea kumwita Gomila baba. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa mekundu.

"Mfungeni!" akasema Bhavila, msimamizi wa jikoni.

"Baba, sema neno!" Arjaka akalia. "Mimi nitie sumu? Mimi ambaye hata chumvi nasahau?"

Gomila alimtazama ndege. Huenda ni ugonjwa, huenda ni sumu kweli. Akachota wali kwa mkono, akala. Akachota tena.

"Mzee, una wazimu?" Bhavila akafoka.

"Kweli, chumvi kasahau," Gomila akasema, akaketi sakafuni.

Walimngoja mpaka jua likafika utosini. Hakutapika wala hakutetemeka, alisinzia tu. Arjaka akafunguliwa.

"Ulijuaje kwamba wali hauna sumu?" Bhavila akauliza.

"Namjua mpishi."

"Hapa hatumjui mtu. Leo umemwamini mpishi, kesho utamwamini nani? Toka, na usirudi."

Arjaka alimsindikiza hadi langoni, hatua mbili nyuma yake. Njia nzima hakumwita baba.

"Hebu niambie, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Ulijuaje? Nani alikwambia?"

"Sikujua, mwanangu. Nilichoka tu."

Arjaka alisogea karibu, akamtazama macho, kwanza moja, kisha la pili, vile vile Gomila alivyokuwa akimtazama kwale.