Chupa Niliyoipeleka Zambia Haikuwa na Maji ya Kisima Chetu

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu, na ni mwandishi wa komite ya mtaa wetu hapa Likasi, Kongo. Admin, nakuomba jina langu na la mtaa yafiche, maana ukurasa huu unasomwa na kila mtu, hata mume wangu. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka usingizi umenikimbia.

Mtaa wetu uko chini ya mabaki ya kiwanda cha zamani cha shaba. Miaka yote tulichota maji kwenye kijito ambacho mvua ikinyesha kinageuka njano. Basi tukapata marafiki ng'ambo ya mpaka, chama cha wakaaji wa mtaa mmoja huko Zambia, watu wa kawaida kama sisi, waliojichimbia visima vyao wenyewe. Walikuja na vyuma vya kuchimbia, wakalala majumbani mwetu, tukasikilizana kwa Kibemba. Sisi tulitoa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kila nyumba mtu mmoja wa kuchimba na kubeba mawe. Sijawahi kuupenda mtaa wangu kama nilivyoupenda wiki zile.

Sharti lao lilikuwa moja tu. Kabla mtu hajanywa, chupa ya maji ya kisima iende kwao ikapimwe, na majibu yakiwa mazuri ndipo watufungie pampu. Kazi ya chupa nilipewa mimi. Niliijaza, nikaifunga vizuri, nikabandika karatasi nyeupe, nikaiweka juu ya kabati sebuleni. Alfajiri mama mmoja mfanyabiashara angeipeleka mpakani Kasumbalesa, ambako mwenzetu wa Zambia angemngoja.

Sasa sikieni ujinga. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ni mtu wa kanisa. Alipoamka kusali akaona chupa ile na karatasi yake, akaamini ni maji ya baraka kutoka parokia. Mimi kutoka chumbani, nakuta nusu imekwisha. Nikamuuliza amefanya nini, akanijibu bila wasiwasi wowote.

“Niliwaza kama ni mayi ya baraka. Nilikunywa kidogo, ingine nikanyunyizia ku mulango yenu, juu munagombanaka sana.”

Ningecheka, lakini yule mama wa safari alikuwa tayari barabarani ananiita. Kisima kilikuwa kimefunikwa na kupigwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao rais wa komite, aliyekwenda matanga Kambove. Nikamwaga yaliyobaki, maana yalikuwa yameguswa na mdomo. Nikachukua chupa ya kweli ya baraka iliyokuwa chumbani kwa mama mkwe, maji ya bomba la mjini ambayo padri aliyaombea, nikajaza ile ya karatasi mpaka juu. Nilijiambia maji ni maji, na Mungu anaijua haraka yangu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Majibu yakarudi kwamba maji ni safi kabisa. Pampu ikafungwa, padri akabariki, tukacheza mpaka kandambili zikakatika. Na mimi nilicheza, tena mstari wa mbele.

Mwezi wa kwanza hapakuwa na neno. Kisha sabuni ikaanza kukataa kutoa povu, na mashuka meupe yakashika ukijani. Bukari, ugali wetu, ikawa na ladha ya msumari. Watoto wa mtaa wakaanza kutapika asubuhi, wangu wa mwisho akiwamo. Mama mkwe, ambaye hunywa maji ya kisima kuliko sisi sote kwa sababu padri aliyabariki, ngozi ya mikono inambabuka. Tulipompeleka dispensari, muuguzi alisema tumpe maji mengi. Tukampa.

Nilishindwa kubeba peke yangu, nikamweleza rais wa komite kila kitu. Akaenda kufunga mlango. Akaniambia mitaa miwili jirani inangoja visima, na Wazambia wameamua kutopima tena huko, kwa kuwa majibu yetu yalikuwa mazuri na mwamba ni ule ule. Jumapili wanakuja kuanza kuchimba. Tukisema ukweli, wataondoka wasirudi, na watu wote watashuka tena kijitoni. Halafu akasema polepole:

“Mama, hii maneno inajulikana na bantu babili tu. Ikitoka, nitajua imetoka wapi.”

Sijui ulikuwa ushauri au tishio. Tangu siku hiyo kila nikifungua dirisha namwona amesimama karibu na pampu, ananipungia mkono. Naogopa sana.

Wanangu nawaletea maji ya mjini kwa baiskeli, nimeficha kibidoni, kidumu cha maji hayo, chini ya gunia la makaa. Mama mkwe anayakataa, ati hayana baraka. Ndiyo, naokoa wangu na kuwaacha wa wenzangu. Nitukaneni, mna haki.

Juzi jirani yangu mwenye mimba ya miezi saba aliona sipangi tena foleni kisimani, akadhani naumwa. Akaniletea ndoo nzima kichwani mwake, na tumbo lile. Akachota kikombe akanipa, akachota na chake, akakaa karibu nami.

“Mutoto akikuya mwanamuke, nitamupa jina yako. Ni weye ulituletea mayi.”

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja nionje. Maneno yalinifika mdomoni, naapa yalifika. Nikanywa. Na yeye akanywa chote, akachota kingine.

Ndugu zangu, hadi Jumapili zimebaki siku nne. Nianze kwa nani: kwa jirani huyu, kwa padri, au niwapigie Wazambia kabla hawajavuka mpaka? Na rais wa komite pale kwenye pampu nitamkwepaje? Nijibuni upesi, maana hapa ninapoandika namsikia jirani yangu nje, anapiga pampu.