Bandama Yangu na Mikono ya Bibi

Samli ya ng'ombe ikipashwa moto mahali popote, tumbo langu upande wa kushoto hujikaza lenyewe. Usinicheke. Mambo haya yalianza nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilipougua koo pale mtaani kwetu Ngokolo na tezi za shingo zikatuna hadi kaka yangu akaniita chura.

Daktari alipima malaria, haikuwepo. Alisema ni virusi vinavyoambukizwa kwa mate, nami nilijua nilikovipata: pipi ya kijiti niliyokuwa nikipokezana na rafiki yangu darasani, kila mmoja akinyonya zamu yake. Bandama ilikuwa imevimba. "Asiruke, asibebe ndoo, na tumbo lisikandwe," alimwambia mama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Ushetu kuniuguza, na kwao bandama ikivimba hukandwa irudi mahali pake. Watoto wengi wa kijijini walipita mikononi mwake wakapona. Mama alipokwenda sokoni, Bibi alinilaza mkekani, akanipaka samli ya moto, akaanza.

"Vumilia, ng'wana wane, mwanangu, inarudi."

Nakiri mikono yake ilikuwa mitamu, nilisinzia. Niliponyanyuka, maumivu yalinichoma kutoka tumboni hadi bega la kushoto, nikaanguka. Bandama ilikuwa imepasuka. Siku hiyohiyo nilifanyiwa upasuaji ikatolewa, nikaongezewa damu ya baba.

Bibi hakukanda mtu tena. Tulipokwenda kwake likizo niliwaona wanawake wakimletea watoto, naye akiwajibu, "Mikono imezeeka, wapelekeni hospitali," kisha akirudi kukamua ng'ombe wake. Nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, mikono ameificha ndani ya kanga. Niliamini hanipendi tena, na hilo liliniuma kuliko mshono.

Alifariki nikiwa chuoni. Baada ya matanga, mama aliniambia kwamba daktari aliyenipasua alisema bandama iliyovimba vile ingeweza kupasuka hata kwa kukohoa tu. Ndipo nilipoelewa kwamba Bibi hakuacha kunipenda; miaka yote ile alijilaumu, akiogopa mikono yake mwenyewe isinidhuru tena. Nililia kama mtoto.

"Bibi alilijua hilo?" nilimuuliza mama.

"Sikumwambia." Alikuwa akikunja kanga za marehemu, hakuniangalia. "Mwanzoni nilikuwa na hasira, Minza. Hasira ilipoisha, nikaona aibu kumwambia."