Binti wa Mwaka wa Panya

Kwa miaka ishirini na mitano Chin-yeh aliitwa shangazi na binti aliyemzaa mwenyewe, tena kwa uchungu wa siku mbili. Wateja wa kibanda chake cha supu ya tambi, nyuma ya hekalu pale mjini Lukang, walimsikia Hsiu-wen akiita, "Shangazi, mabakuli yamekwisha," wakasema, "Mpwa wako mchapakazi kweli." Chin-yeh alitabasamu, akawaongezea chaza kwenye supu.

Yote yalianza Februari ya mwaka 1972, siku ya tatu baada ya kujifungua. Mama mkwe wake alipeleka tarehe na saa ya mtoto kwa mnajimu mmoja mzee. Mzee alihesabu kwa vidole, akakunja uso.

"Mtoto kazaliwa mwaka wa Panya. Tena Panya wa Maji. Mama yake je?"

"Farasi."

"Basi mna kazi. Panya mwenyewe asili yake maji, na mwaka wake nao wa maji. Farasi asili yake moto. Mkiwaacha hivi hivi, mtoto atamzima mama yake."

Dawa ilikuwa moja: mtoto asimwite mama. Mbingu ikisikia "shangazi" itadhani hawa hawahusiani, ipite zake. Mbingu gani hiyo isiyoona pua mbili zilizofanana vile? Lakini Chin-yeh alikuwa mzazi mchanga na mama mkwe amesimama mlangoni, akatii. Siku mtoto alipotamka "ma" kwa mara ya kwanza, Chin-yeh mwenyewe ndiye aliyemziba mdomo kwa kiganja. "Shangazi," akamwambia. "Sema shangazi." Aliuchukia mkono ule kwa muda mrefu.

Alilitamani neno hilo kuliko kitu chochote. Watoto wa jirani wakirudi shule na kuita mama zao, upawa wake ulisimama hewani mpaka tambi zikashika sufuria. Hsiu-wen alipougua surua akaweweseka siku nzima, Chin-yeh alikaa kando ya kitanda akitega sikio, labda homa itasahau. Haikusahau. Hata katika kuweweseka binti aliita shangazi.

Hsiu-wen alipochumbiwa, upande wa bwana harusi ulimpa mnajimu wao, Bwana Hsu, kazi ya kuchagua siku. Anayegongana nyota na bibi harusi hukaa chumba cha nyuma wakati wa kumuaga, na Chin-yeh alijua ni yeye. Akafunga kibanda, akaenda kumuuliza kama angeruhusiwa angalau kuchungulia.

"Uchungulie kwa nini?" Hsu alifunua kalenda yake. "Huyu si Panya. Amezaliwa zimebaki siku saba mwaka mpya uingie. Huyu wa mwaka uliotangulia, Nguruwe wa Chuma. Hana ugomvi na Farasi."

"Yule mzee alisema Panya."

"Yule huanza mwaka majira ya kuchipua yanapoingia, nayo yalikuwa yameshaingia siku tatu. Mimi nauanza mwezi unapoandama."

"Sasa nani kakosea?"

"Dada, kila mmoja na hesabu yake."

Chin-yeh alirudi nyumbani kwa miguu, akilia njia nzima bila kujificha. Alimweleza Hsiu-wen yote. Binti alisikiliza, akajaribu kumwita mama. Neno halikutoka. Walibaki wakimenya vitunguu saumu, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Asubuhi ya harusi sebule ilijaa ndugu. Kando ya ukuta, kwenye kiti cha mianzi, alisinzia mama mkwe, mwenye miaka themanini na minane, mtu pekee aliyewahi kuitwa Mama ndani ya nyumba ile. Chin-yeh alisimama mbele, hadharani, karibu na mumewe Tien-fu, mikono haijui pa kukaa.

Hsiu-wen alipiga magoti. "Baba, nakwenda. Asante kwa kunilea." Tien-fu aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

Kisha binti akamgeukia Chin-yeh. Akavuta pumzi.

"Mama," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka uani.

Chin-yeh aligeuka upesi, akamwinamia bibi kizee aliyesinzia na kumgusa bega taratibu.

"Mama, amka," akamwambia. "Unaitwa."