Unga wa Albano Kule Chanika

Mwaka ule Wamarekani walipotembea mwezini, Albano alikuwa anachonga mpingo uani kwake Buguruni. Habari ililetwa na jirani yake Jabiri, muuza mkaa, aliyeisikia redioni dukani kwa Remtulla.

"Eti iko siku watu watahamia kabisa huko, wajenge, walime," Jabiri alisema.

Albano hakuinua macho. "Wamemwomba nani ruhusa? Walimwaga unga?"

Kwao Newala, anayetaka kujenga mahali papya humwaga unga wa mtama chini ya mti huku akiwataja wazee wake waliotangulia, kisha hurudi kesho yake. Akiukuta umekaa vilevile, amekubaliwa. Ukivurugika, atafute kwingine.

Jabiri akacheka. "Mwezini hakuna upepo wala sisimizi. Unga wako ungekaa hivyohivyo mpaka kiama. Nawe ungejenga, ufe kwa kiu!"

Albano aliendelea kuchonga. Alikuwa na uhamisho wake wa kufikiria. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake, na katika kijiji kipya cha ujamaa Chanika alikuwa ameonyeshwa kiwanja. Jumamosi alitakiwa kusema anakichukua au anakiacha.

Ijumaa alikwenda na mkewe, Bernadeta. Alimwaga unga chini ya mkorosho, akawataja wazee, wakalala kwa Mwinjuma, mwenyekiti wa kijiji. Asubuhi waliukuta umetawanyika. Sisimizi walikuwa wakiubeba, na nyayo za kwale zilijaa pale mchangani.

Albano akavaa kofia. "Twende zetu. Wazee wamekataa."

"Twende wapi, Baba Yuliana?" Bernadeta alikuwa amechuchumaa, anatazama zile nyayo. "Mie nimekua nikiteremka bondeni na mtungi kufuata maji tangu alfajiri. Pasipo na wa kuugusa unga ndipo ningeogopa. Hawa kwale wanakunywa wapi?"

"Nakwambia wazee—"

"Wazee wako wako Newala. Ngoja hapa."

Akazifuata nyayo, akapotelea kwenye magugu. Aliporudi, tope lilikuwa limemfika kwenye vifundo vya miguu. Albano alilitazama lile tope kwa muda, kisha akaenda kwa Mwinjuma.

"Mahali pamekupendeza?" Mwinjuma aliuliza.

"Mie nimekatazwa," Albano alisema. "Andika jina la Bernadeta."

"Na wewe je?"

"Mie nitakaa kwake."

Kisha akaomba kuazimwa jembe.